Fedha za kujaribu kifaa, hati ya nyumba ya nini?

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kirumba, jirani na soko la Mwaloni. Masika dagaa wakinyeshewa kichanjani, mama aliyewanunua kwa mkopo huishia kuwauza wawe chakula cha kuku. Nimeunda sanduku la kuwakaushia kwa jua: nondo, nailoni, na feni ya kompyuta bovu. La kwanza liliwaivisha badala ya kuwakausha (tuliwala na ugali, hawakuwa wabaya). La pili limekubali.

Nilipoomba fedha za kulifanyia majaribio, ofisi moja ikadai hati ya nyumba. Nyumba yenyewe nimepanga!

Marekani, tangu sheria ya 1982, idara kubwa za serikali zimekuwa zikitenga fungu la bajeti ya utafiti kwa kampuni ndogo. Kiwango kilipanda hadi asilimia 3.2. Kwanza unapewa kiasi uthibitishe wazo, likisimama unaongezewa, na serikali haichukui hisa. Kutafuta soko ni juu yako.

Sisi COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, tunayo tangu 1986. Naomba watutengee mafundi wa huku ziwani fungu letu, na mkaguzi aje Mwaloni siku ya mvua.

Fundi, Kirumba, Mwanza