Mhariri, kamba nene siyo dawa ya mashine ya kufyekea majani

Kwako Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naandika kuhusu ile safu yenu ya nyumba na bustani iliyomjibu msomaji aliyelalamika kwamba kamba ya mashine yake ya kufyekea majani inakatika kila saa, mkamshauri anunue tu kamba nene zaidi ya ile anayotumia, mkaishia hapo. Alafu wiki iliyofuata mkachapisha barua ya msomaji mwingine anayesema yeye kamba aliachana nayo, anafunga waya wa breki za baiskeli na kazi inaenda. Hiyo ya waya nitaifikia, ndo iliyonifanya nishike kalamu hasa, ila niruhusuni nianze na hili la unene manake hata mafundi wengine wanalisema na linaua mashine za watu.

Ile kamba ni nailoni tu, haina makali. Inakata kwa sababu ya spidi. Chukua mashine ambayo kichwa chake kinazunguka mara 8,000 kwa dakika na ncha ya kamba iko sentimita 20 kutoka katikati, piga hesabu utaona ile ncha inakwenda karibu mita 167 kwa sekunde, yaani kilomita 600 na kitu kwa saa. Hapo ndo penye kazi yote. Sasa ukiweka kamba nene kuliko injini ilivyopangiwa, unaongeza uzito unaozungushwa na unaongeza kamba inayopambana na hewa, kwahiyo spidi inashuka, na spidi ikishuka kamba haikati tena, inayachapa tu majani na kuyachanachana, na wewe unaona haikati unazidi kutia resi. Na huo uzito hauongezeki kidogokidogo kama watu wanavyodhani. Kutoka milimita 2.4 kwenda 3 unasikia kama tofauti ya sita tu baada ya nukta, lakini kwa urefu uleule kamba ya 3 ina uzito zaidi wa nusu kuliko ya 2.4, kwa sababu unene unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. Mashine ya petroli itachemka na klachi itaisha mapema, ya umeme au betri ndo kabisa, mota inaungua na harufu utaisikia.

Kwahiyo swali la kwanza kwa yule msomaji lilitakiwa kuwa: mashine yako imeandikwa inataka kamba ya milimita ngapi? Imeandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi iko pia kwenye kava la kinga au kwenye kichwa chenyewe. Mashine ndogo za umeme na betri nyingi zinatumia 1.6 hivi mpaka 2, za petroli za kawaida nyumbani ni 2 mpaka 2.4, na zile kubwa za kuvaa mkanda begani zinakwenda 2.7, 3 na kuendelea. Kama kitabu kimepotea, tafuta kwa namba ya modeli, siyo kwa kukisia, na usiseme tu dukani "nipe ya kawaida" manake kila muuzaji ana ya kawaida yake.

Kuna na hili la spuli yenyewe, yaani kile kigurudumu cha plastiki kinachobeba kamba. Hapa ndo watu wanapoteza hela kweli. Spuli zinafanana mno kwa macho, unaweza kushika mbili mkononi ukaapa ni kitu kimoja, kumbe moja tundu la katikati ni dogo kidogo, au meno ya chini yanakaa tofauti, au moja ni ya mashine ya kamba moja na nyingine ya kamba mbili, au imeviringishwa kwa upande wa pili. Ikiingia kwa kulazimishwa haitaachia kamba, au itaachia yote kwa mpigo, au kifuniko kitafunguka kazini kiruke na springi yake na springi ndogo kama ile ukiidondosha kwenye majani sahau. Ushauri wangu, nenda na spuli ya zamani mkononi PAMOJA na namba ya modeli, usiende na kimoja. Zile pakiti zilizoandikwa zinafaa mashine zote mimi siziamini sana, zinafaa nyingi ni kweli, lakini geuza nyuma usome orodha ya modeli kabla hujalipa.

Je ununue spuli iliyokwisha kuviringishwa au ununue kamba ya mita uviringishe mwenyewe? Kwa mwenye uwanja mdogo anayefyeka mara mojamoja, ya kuviringishwa tayari ni raha, unachomeka unaendelea. Kwa anayefyeka sana ni kutupa pesa na kutupa plastiki nzima kila kamba inapoisha wakati ile spuli ukiitunza inajazwa tena na tena. Na kuhusu orijino, maoni yangu ni haya, wengine watapinga sawa tu: spuli na kichwa vitafute vya mashine yako kabisa, lakini kamba yenyewe, kama ni nailoni nzuri na kipimo ni sahihi, siyo lazima iwe na jina la kampuni iliyotengeneza mashine.

Maumbo ya kamba nayo yanachanganya watu. Ya duara ndo inadumu, ukigusagusa mawe na ukuta haimaliziki upesi. Ya pembe nne au ya nyota ina kingo, inakata vizuri majani magumu yenye shina nene ila zile kingo zinalika haraka. Iliyosokotwa inapunguza ule mluzi wa kuudhi majirani. Kwa matumizi ya nyumbani duara inatosha, wala usijisumbue.

Tuje kwenye kukatika, ambako ndo swali la msomaji lilipokuwa. Mara nyingi sana kosa siyo unene, ni ukavu na uviringishaji. Nailoni inahitaji unyevu kidogo ndani yake ili inyumbulike, ikikaa juani au stoo yenye joto miezi na miezi inakauka inakuwa kama kijiti, ukiikunja inapasuka. Iloweke kwenye maji kutwa nzima na usiku wake kabla ya kuitumia, itarudi laini. Kama imekaa juani mpaka imepauka hiyo imeharibika hata ukiiloweka mwezi, achana nayo. Ikibaki ihifadhi kwenye mfuko mahali pa kivuli basi.

Kuviringisha nako watu wanafanya kama wanakunja kamba ya nguo. Spuli ina mshale unaoonyesha upande wa kuviringisha, fuata huo. Kwa kichwa cha kamba mbili unakunja kamba katikati, kwenye spuli nyingi unaacha upande mmoja uzidi kwa sentimita 10 hadi 15, unapachika pale kwenye kipengo cha katikati alafu unaviringisha kila kamba kwenye sehemu yake, kwa kukaza, mzunguko mmoja ukikaa kando ya mwenzake, tabaka kwa tabaka, bila kupishanapishana. Zikipishana ndo unapata ule ugonjwa wa kamba kugandana ndani, manake ncha ikigonga kitu kigumu mtikisiko unarudi mpaka ndani ya spuli, kamba zinasuguana, joto linapanda, nailoni inayeyuka kidogo na kushikana, alafu unagonga kichwa chini ili kamba itoke, weee haitoki. Mtu anasema kamba mbovu. Na usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya milimita kadhaa kwenye ukingo. Kamba ikibaki ni bora kuliko ikibana.

Angalia pia yale matundu kamba inapotokea, yana vipete vya chuma au plastiki ngumu. Vikishapata mfereji kwa ndani vinakata kamba kama kisu, kila kamba utakayoweka itakatikia palepale, usawa wa tundu. Ukiona inakatika sehemu hiyohiyo kila mara kagua vipete kwanza, ni spea ndogo tu.

Kwa vichwa vya kugonga, unagonga chini kwenye udongo au majani mafupi wakati kinazunguka kwa kasi, gonga kidogo uachie, siyo kukandamiza na kusubiri. Nguvu ya mzunguko ndo inayovuta kamba nje. Ndo maana ukiiacha kamba iishe mpaka imebaki kipande kifupi sana haitoki tena hata ugonge mpaka jioni, kile kipande hakina uzito wa kuvuta, inabidi uzime uitoe kwa mkono. Gonga mapema, kamba ikianza kuwa fupi. Alafu kile kisu kidogo kwenye kinga msikitoe jamani! Kazi yake ni kukata kamba iliyozidi ili urefu usimzidi nguvu injini. Watu wanang'oa kinga nzima ili wafyeke upana mkubwa, wanamaliza mashine na miguu yao wenyewe.

Kabla ya kugusa kichwa zima, chomoa umeme au toa betri, na ya petroli toa kile kikofia cha plagi. Na kama kichwa chako hakifunguki usikipige nyundo, kwenye mashine nyingi za fimbo iliyonyooka kinafunguka kinyume na ulivyozoea, unakizungusha kwa kulia kama mshale wa saa unavyokwenda, huku umezuia ekseli kwa kuchomeka msumari au bisibisi nyembamba kwenye kile kitundu cha juu.

Sasa waya. Mhariri, ile barua haikupaswa kutoka bila neno lolote la tahadhari. Rudini kwenye zile kilomita 600 kwa saa. Nailoni ikigonga jiwe inalika au inakatika kipande chepesi kinaruka, utaumia ukiwa peku lakini mara nyingi ni mchubuko. Waya ukigonga jiwe unavunjika na kipande cha chuma kinaondoka kwa ile spidi, na hakichagui kinaelekea wapi, kwako wewe unayefyeka au kwa mtoto aliyesimama mbali akishangaa mashine. Zile nyaya za breki zimesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, zinaanza kuchomoka mojamoja kabla hata ya waya wote kukatika. Vitabu vya mashine hizi vinakataza waya kwa herufi kubwa na michoro, na kinga ya plastiki imeundwa kuzuia majani, vijiwe na nailoni, haikuundwa kuzuia vipande vya chuma. Kama majani yamekuwa vichaka na nailoni haiwezi, kuna visu vya chuma vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, kwa mashine ambazo mtengenezaji ameruhusu kuvifunga, na vina kinga yake.

Hata historia yenyewe iko upande wangu. Aliyebuni mashine hii, George Ballas wa Houston kule Marekani, mwaka 1971, wazo alilipata kwa kuangalia brashi za nailoni zinazozunguka kwenye mashine ya kuoshea magari, akachukua kopo la bisi akalitoboa, akapitisha kamba nene ya kuvulia samaki akalifunga kwenye mashine ya kukatia kingo za nyasi. Alitaka kitu kitakachokata majani kuzunguka miti bila kujeruhi magome. Kuhusu magome tumemwangusha kidogo, manake nailoni nayo ukiigusisha kwenye mche kila wiki inauvua gome duara zima na mche unakufa, afadhali yale majani yaliyo karibu na shina ung'oe kwa mkono. Na kata kwa ncha tu, hatua kwa hatua, bila kuisukumiza kamba yote kwenye majani au ukutani, hapo pia kamba inadumu.

Jambo dogo la mwisho ambalo sijaona mkiliandika: kamba inavyolika ile nailoni haiendi mbinguni, inabaki kwenye majani vipande vipande. Kama majani unayofyeka unalisha mifugo tumia fyekeo, na vile vipande vikubwa vinavyokatika viokote.

Naomba basi mchapishe sahihisho la ule ushauri wa kamba nene, na kuhusu waya mliweke ukurasa uleule barua ile ilipotokea na kwa maandishi ya ukubwa uleule, siyo kwenye kona ya chini kule matangazo yanakoishia. Na yule msomaji wa kwanza, kama bado anasoma, aloweke kamba yake kwanza kisha akague vile vipete kabla ya kununua chochote.

Ni mimi msomaji wenu