Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Bei ya insulini itangazwe kama ya petroli

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga. Ninaishi na mama yangu mzazi. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu aambiwe ana kisukari, na kwa miaka minne sasa yuko kwenye insulini, dawa ya kudunga inayoshusha sukari mwilini. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la nyumba yangu peke yake. Wateja wanaokaa kwenye benchi langu wakisubiri kupimwa, wengi wana mzazi au mume mwenye mashine ya sukari kabatini.

Juni 2025 tuliambiwa kisukari kimepata tiba. Ndivyo habari ilivyotufikia. Jirani aliingia simu mkononi, hata kandambili hajavua, akamwambia mama: "Bi mkubwa, umepona!" Ilikuwa video fupi. Wagonjwa kumi na wawili wametiwa seli mpya mwilini, na mwaka ulipotimia kumi kati yao walikuwa hawajidungi tena. Mama aliirudia hesabu hiyo jioni nzima, kumi katika kumi na wawili, akihesabu vidole vyake na kuazima viwili vya mjukuu.

Habari haikuwa ya uongo, Mheshimiwa. Nilikuja kuielewa baadaye. Kampuni ya Marekani iitwayo Vertex imekuza maabara seli zinazotengeneza insulini, na wagonjwa hao walitiwa seli hizo hadi zikakaa kwenye ini. Ila wote walikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili karibu hautengenezi insulini kabisa, tena wale ambao sukari yao hushuka ghafla bila wenyewe kuhisi. Na wanalazimika kuendelea kutumia dawa za kushusha kinga, mwili usije ukazikataa hizo seli. Mama yangu ana aina ya pili, ambayo mwili hauitumii insulini vizuri. Habari ile haikuwa yake, na hakuna aliyemwambia.

Kichupa kimoja cha insulini kina uniti 1,000. Mama anadunga 24 asubuhi na 12 jioni, kwa hiyo kichupa kinakatika wiki ya nne. Baada ya ile video alianza kudunga 12 asubuhi na 6 jioni, bila kuniambia. Alikuwa na hesabu zake: unga umepanda, mafuta ya kula yamepanda, gesi ndiyo hiyo, mwanangu anakesha kwenye cherehani, na tiba yenyewe iko njiani. Kwa nini tununue kingine mwezi ujao? Siku ya tisa nilimkuta ukingoni mwa kitanda, ulimi umemkauka, ndoo ndogo ya maji ameimaliza tangu alfajiri, maneno yanamtoka moja moja. Nikamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Iliandika HI, maana yake sukari imepita pale inapoweza kuhesabu. Tulilala hospitali siku sita.

Simlaumu jirani, alikuja na furaha. Na sisi ni watu wa kutumaini. Mwaka 2011 nchi nzima iliona foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, wagonjwa wamelala kwenye mikeka nyuma ya malori, wakifuata kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Wengi waliacha dawa zao. Ukitaka kujua Mtanzania anafanya nini akisikia ugonjwa wake umepata dawa, jibu lilishapatikana siku zile. Anaamini kwanza, kwa sababu akiamini anapumzika na gharama.

Ndiyo maana nasema habari ya namna hii ikishatua, Wizara isikae kimya. Mnaye msemaji, mna NIMR ya utafiti wa magonjwa, mna TMDA inayosimamia dawa. Tunahitaji maneno machache kwa Kiswahili, kwenye redio zile zile, ndani ya siku mbili tatu: habari hii inamhusu mgonjwa yupi, imefikia wapi, na dawa yako usiiache. Maneno hayo yangemfikia mama kabla ya siku ya tisa.

Kuna habari nyingine iliyotufikia kichwa chini miguu juu. Mteja wangu alileta kitambaa cha harusi ya mdogo wake, akaniagiza nimwachie nafasi ya kutosha ndani ya mshono kwa sababu atadunga "sindano ya kupunguza mwili" na gauni litahitaji kubanwa. Barazani wote wakaichangamkia. Mama alikuwa pale pale anachambua mchicha, hakuuliza kitu, maana mambo ya kupunguza mwili hayamhusu. Kumbe sindano za aina hiyo zilianza kama dawa za kisukari cha aina ya pili, na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa aina hiyo wenye shida ya moyo au figo miongoni mwa wengine. Na daktari alishatuambia figo za mama zimeanza kuchoka. Isiyokuwa yake ikaletwa kama yake, na ambayo huenda inamhusu ikapita mbele yake kama habari ya urembo. Siombi mama apewe sindano hiyo kesho. Naomba aliyesomea aseme nani yuko ndani na nani yuko nje, watu wasibaki kutegemea wateja wa cherehani.

Sasa nikupeleke jikoni. Kwetu tunahesabu uniti za aina mbili, uniti za insulini na uniti za umeme. Friji tulinunua kwa sababu ya kichupa cha mama, maana tuliambiwa insulini ikae penye baridi. Ukilifungua utakuta maji, limau, na kichupa hicho ndani ya kikombe cha plastiki mlangoni. Kabla ya friji tulikuwa daraja la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao umeme wao una bei nafuu. Friji limetuvusha. Siku LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, inapokatika usiku na simu haina salio, huwa nakitoa kichupa, nakifunga kwenye kitambaa kibichi na kukilaza kwenye sinia la maji. Nimefanya hivyo kwa hofu mara nyingi, nikidhani asubuhi nitamdunga mama maji matupu.

Binamu yangu wa Mombasa, aliyewahi kufanya kazi kambi ya wakimbizi ya Dadaab, ndiye aliyenipunguzia hofu hiyo. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi pale Dagahaley. Usiku nyuzi 25, mchana 37. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini kwenye joto la kupanda na kushuka namna hiyo maabara, na kwa wiki nne ikabaki na nguvu sawa na ile ya kwenye friji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, wakapitia tafiti mbalimbali, wakaona hata vichupa vya insulini ya kawaida ambavyo havijafunguliwa vinaweza kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 kwa miezi sita, na lisilozidi 37 kwa miezi miwili. Tanga tuna joto, lakini si joto la Dadaab. Na mtungi wa udongo uko pembeni ya mlango wangu tangu enzi za bibi, unapoza maji bila uniti hata moja.

Nilimuuliza muuguzi kliniki: je, kichupa alichokifungua mama naweza kukiweka penye kivuli, ndani ya chombo cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowa? Alinisikiliza vizuri, mtu wa watu. Akasema, "Dada, mimi sijaletewa waraka wa hilo. Nikikwambia ndiyo, halafu likatokea la kutokea, nitajibu nini?" Sikuweza kumlaumu. Basi friji linaendelea kuunguruma. Mheshimiwa, huo waraka ni karatasi moja. Kama wataalamu wako wanaona inafaa, useme insulini za aina gani, joto gani, siku ngapi, na ubandikwe kila kliniki ya kisukari. Kama wanaona haifai, useme hivyo pia, tujue. Hii ni sayansi iliyofanyiwa watu wenye maisha kama yetu, na inapunguza gharama leo, wakati zile seli za Marekani sijui mjukuu wangu atazikuta wapi.

Nimebakiza bei. Tunaambiwa mgonjwa wa ugonjwa sugu ana msamaha, na dirishani tunaambiwa dawa imeisha, jaribu duka la nje. Huko nje kichupa kile kile nimekikuta kwa bei tatu katika barabara mbili. Stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu kwenye mashine ya sukari, ndiyo balaa zaidi. Mashine mama alipewa bure, Siku ya Kisukari, tarehe 14 Novemba, tukapiga makofi. Lakini kila mashine inakubali stripu zake tu, na kopo la stripu hamsini kwetu ni sawa na unga wa wiki mbili. Daktari anataka apime kila siku. Mama anapima Jumatatu na Alhamisi, na ikipanda unga anapima Alhamisi tu.

Petroli, Mheshimiwa, ina mwenyewe. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inatangaza bei kikomo, Tanga yake, Mtwara yake, mpaka wilayani, na mwenye kituo akizidisha anajua kitakachompata. Dereva wa bodaboda aliyeishia darasa la saba anaijua bei halali ya lita. Mimi sijui bei halali ya kichupa kinachomweka mama yangu hai. Msiniambie dawa haziwezi kupangiwa bei. Kitita cha NHIF, yaani orodha ya huduma na dawa za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kinaweka bei mbele ya jina la kila dawa, na mwaka 2024 mlisimamia bei hizo hata hospitali binafsi zilipogoma. Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu Novemba 2023, na siku itakapotufikia sote nitashukuru. Wakati tunaisubiri, chukueni vitu viwili tu, insulini na stripu, mvitangazie bei kikomo kila mwezi, wilaya kwa wilaya, redioni na kwa namba ya kupiga bure kwenye simu ya kitochi.

Kichupa cha sasa nilikifungua tarehe 9. Tarehe hiyo nimeiandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, nikakibandika ubavuni, na kila jioni naangalia kilichobaki, kwa kuwa sasa dozi namdunga mwenyewe. Kitakwisha karibu na ile Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Bei ya petroli ya Tanga nitaisikia asubuhi, kabla sijafungua cherehani. Naomba nisikie na ya kichupa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga