Kwa wanakwaya na viongozi wa jumuiya: mwambieni mwenyewe

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia ninyi mnaoongoza kwaya, jumuiya na vikundi vya vijana, kwa kuwa maneno ya usharika hupita kwenu kabla hayajafika kwa mchungaji au baraza la wazee. Uongo wa kusingizia tunaujua na tunauonya. Unaotumaliza ni uongo wa adabu. Mhazini amekaa miezi mitatu bila kusoma hesabu, mwalimu wa kwaya anawafokea sauti ya pili mbele za watu, mwenyekiti wa jumuiya anahubiri saa nzima mahali alipopewa dakika kumi. Usoni tunamwambia, "Umefanya vizuri, Mungu akubariki." Njiani kurudi nyumbani tunasema yote. Ukweli umesemwa, tena bila kupunguzwa, ila wameupata wasiohusika.

Waefeso 4:29 huwa tunausoma kama katazo la matusi. Rudieni maneno yenyewe: neno liwe "jema la kumfaa mwenye kuhitaji". Habari ya hesabu inamfaa mhazini, maana yeye ndiye awezaye kuzisoma. Abiria mwenzako kwenye daladala haimfai kitu.

Utaratibu tunao, Mathayo 18:15-17, na wengi wenu mnaukariri. Kinachoharibika ni utekelezaji. Hatua ya kwanza, "wewe na yeye peke yenu", ndiyo inayorukwa karibu kila mara, kwa sababu ndiyo inayotia hofu. Basi niieleze kwa urefu.

Kabla hujaenda, hakikisha uliona au ulisikia mwenyewe. Kama uliambiwa, mrudishe aliyekuambia aende yeye. Hapo habari nyingi hufa zenyewe. Kisha andika kosa kwa sentensi moja inayotaja tendo na siku: "Jumamosi ulimwambia fulani hajui kuimba, mbele ya kwaya nzima." Ukijikuta unaandika "siku zote", "watu wote wanasema" au "wewe tabia yako", futa uanze upya. Tendo mtu anaweza kulitubu. Tabia yake yote ukimhukumia, atajitetea, na atakuwa na haki ya kujitetea.

Nenda ndani ya wiki hiyo, ana kwa ana. Si mlangoni pa kanisa baada ya ibada huku watu wakipeana mikono, wala si kwa ujumbe wa simu usiku. Maandishi hayabebi sauti ya upole, na kesho yanaweza kupigwa picha yakasambazwa. Mkiketi, msianze na sifa ndefu. Mtu mzima huisikia "lakini" ikija kutoka mbali, na sifa zote mlizotoa zinageuka kuwa hila. Sema ile sentensi moja, kisha uliza, "Ilikuwaje?" Halafu nyamaza. Mithali 18:13 inasema kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu, na mara nyingi hapo ndipo mtakapogundua mhazini alikuwa anauguza, au kwamba risiti ziko kwa mtu mwingine. Mkimaliza, taja unachoomba kwa udogo wake: hesabu zisomwe Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ukiondoka, usiripoti kwa yeyote kwamba "nimemwambia". Akikusikia umempata nduguyo, ndivyo Bwana alivyosema. Kumtangaza baadaye ni kumpoteza tena.

Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Hapa kosa ni kubeba marafiki zako. Chagua wale ambao yeye anawaheshimu, na wawe tayari kukwambia wewe pia kama umekosea. Hatua ya tatu ni kanisa, yaani mchungaji na baraza, si kundi la WhatsApp la kwaya.

Mtaniuliza kuhusu Paulo, aliyemkemea Petro mbele ya wote kule Antiokia, Wagalatia 2. Ni kweli. Petro alijitenga na Mataifa hadharani, hata Barnaba akavutwa naye. Kosa lililofundisha watu hadharani lilisahihishwa hadharani. Asiye na mfano wa namna hiyo asijifiche nyuma ya Paulo.

Na kuna mambo ambayo hatua ya kwanza haiyahusu kabisa. Mtoto akiguswa vibaya, mwanamke akipigwa, usiende kuketi na mtuhumiwa peke yenu, wala usimtume aliyeumizwa akaketi naye. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto, piga 116. Anayesema "tuyamalize kikanisa" anaitumia Mathayo 18 kuficha uhalifu.

Sasa niseme kuhusu maombi, maana hapa ndipo umbeya wetu umevaa kanzu. "Tumwombee dada yetu fulani, ndoa yake ina mambo." Je, dada huyo ametoa ruhusa? Kama hajatoa, ondoa jina. Mungu anajua ni nani, na ombi halitapungukiwa kitu. Ukiona bila jina ombi halina ladha tena, umeshajua ulikuwa unagawa nini. Na huyu anayesema "Bwana amenionyesha" kwa jambo ambalo ni maoni yake tu kuhusu uchaguzi wa viongozi, amemfungia mwenzake mlango wa kumjibu. Sema "mimi naona", tujadiliane.

Msibani tunakosea kwa upande mwingine, kwa huruma isiyo na kweli. Mama aliyefiwa na mtoto anaambiwa, "Mungu alimpenda zaidi," kana kwamba yeye alipenda kidogo. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno, na hapo hawakukosea. Walikosea walipoanza kumweleza Ayubu mambo ya Mungu, na mwishoni (Ayubu 42:7) Mungu mwenyewe akasema hawakunena yaliyo sawa. Sema pole, taja jina la marehemu, teka maji. Usiseme "nitakuja kesho" kama huji. "Ndiyo" yenu iwe ndiyo, hata ahadi ndogo ya msibani. Ahadi za harambee nazo ni hivyohivyo: taja kiasi ambacho ungekitoa hata kama kipaza sauti kisingekuwepo.

La mwisho ni kwa aliyekwisha kusema vibaya na anataka kutengeneza. Kumwomba radhi uliyemsema ni nusu ya kazi. Kaa chini uorodheshe uliowaambia, kama ni sita, warudie sita, mmoja mmoja, uwaambie, "Lile nililosema juu ya fulani halikuwa kweli," au, kama lilikuwa kweli, "halikuwa langu kulisema." Usieleze sababu zako, maana maelezo hulisimulia jambo upya. Kama ulilituma kwa sauti kwenye kundi, lirekebishe kwenye kundi hilohilo. Asiyejua aanzie wapi katika orodha yake aje ofisini Jumatano jioni, tutaipitia pamoja kabla ya mazoezi ya kwaya.

Mzee wenu wa kanisa