Rehema, usimpandishe mama ngazi za Tallinn

Helsinki, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza. Kabla hujaendelea kusoma mfikishie mama shikamoo yangu, maana barua hii karibu yote ni kwa ajili ya magoti yake.

Nimefurahi mno kusikia mnakuja Tallinn, mji mkuu wa Estonia, Desemba, na wasiwasi nao umenishika. Zuhura kakwambia mji wa kale mnaumaliza kwa asubuhi moja. Udogo ni kweli. Ila una sehemu mbili: juu, kwenye kilima cha Toompea, walikaa wakuu na maaskofu, chini walikaa wafanyabiashara wa Hansa, ule umoja wa miji ya biashara, waliofuata sheria za Lübeck, mji wa Ujerumani, tangu 1248. Kutoka chini kwenda juu ni miinuko na ngazi, na njia zimetandikwa mawe ya mviringo yaliyolainishwa na nyayo za karne nyingi. Desemba theluji huyeyuka mchana, usiku ikaganda, na asubuhi mawe yana utando wa barafu usiouona. Kijana huteleza akainuka akicheka. Mama akiteleza, ni nyonga hiyo.

Kwa hiyo msipande kabisa. Anzieni juu, mshuke. Iteni gari kwa Bolt, programu ileile ya huko Dar (ilianzishwa Tallinn, 2013), muandike Lossi plats. Gari litawashusha kati ya kanisa kuu la Alexander Nevsky na jengo la Bunge. Kutoka hapo hakuna mwinuko wa kumtesa: mtaingia Toomkirik, kanisa kuu la kale la kilimani, kisha mtakwenda polepole hadi kibaraza cha Kohtuotsa, mnakoona paa nyekundu, mnara wa kanisa la Oleviste na bahari. Kibaraza cha Patkuli nacho kizuri, ila kando yake kuna ngazi 157 zinazoshuka hadi nje ya kuta. Msizifuate hata mkiona watu wanazishuka. Rudini mshuke kwa Pikk jalg, njia ya zamani ya farasi na mikokoteni, mteremko wake wa taratibu. Lühike jalg iko karibu na ni fupi, lakini ni kali na ina ngazi. Ramani ya simu huipenda kwa sababu ya ufupi wake, isikudanganye.

Mkifika chini, uwanja wa Raekoja plats hauko mbali. Jumba la baraza la mji lilikamilika 1404, na duka la dawa lililo pembeni limo kwenye kumbukumbu za 1422 na hadi leo linauza dawa. Mama Salim, kwa kazi yake ya famasia, atataka picha! Mnara wa Oleviste una ngazi zaidi ya 200 na msimu wa baridi hufungwa, basi usiuhesabu. Nendeni Niguliste, kanisa la zamani ambalo sasa ni makumbusho: ndani kuna joto, kuna mchoro wa Bernt Notke wa mauti wakicheza na wafalme, na kuna lifti ya kupanda mnarani. Msiende Jumatatu, makumbusho mengi hufungwa.

Na muda nao. Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kule juu muende kati ya saa nne na saa saba, uwanja wenye soko la Krismasi muuache kwa giza, ndipo taa zake zinapopendeza. Ndiyo maana bado nasema, kama tarehe hazijafungwa, mwisho wa Agosti ungemfaa mama zaidi. Mawe makavu, mwanga tele.

Hoteli: uliza mambo mawili tu kabla ya kulipa, kuna lifti, na gari linafika mlangoni? Nyumba nyingi ndani ya kuta ni za zama za kati, ngazi zake nyembamba za kuzunguka, na baadhi ya vichochoro magari hayaruhusiwi. Karibu na lango la Viru, upande wa nje, ni salama zaidi. Na mtu asikwambie mabasi ni bure. Bure ni kwa wakazi waliosajiliwa. Mgeni hugusisha kadi ya benki kwenye mashine ya mlango wa mbele.

Viza ndiyo ya kuanza nayo: ni ya Schengen, moja kwa Estonia na Finland. Estonia haina ubalozi Dar, basi tazama kwenye tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje ni nchi gani inayowapokelea maombi. Mkilala Tallinn siku nne na kwangu mbili, maombi ni ya Estonia. Mkizigeuza, ni ya Finland. Ada ni euro 90 kila mmoja, bima isipungue euro 30,000, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15, na majibu yanaweza kuchukua hadi siku 45. Peleka buking ya ndege, usinunue tiketi isiyorudishwa. Kwa kuwa wewe ndiye unayemlipia mama, ambatisha cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake. Na kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege kiombe saa 48 kabla, hakilipiwi.

Viatu: soli ya mpira yenye meno marefu. Vile vyuma vya kuvalisha juu ya soli nitawanunulia mimi huku, nipe saizi.

Sasa niambie: pasipoti ya mama inaisha lini? Mnapitia Istanbul au Amsterdam? Kaka yako amekubali kubaki na watoto? Mama mwenyewe anasemaje kuhusu Agosti, au umeshamwahidi theluji? Na meli ya saa mbili kuja kwangu ataiweza, au nivuke mimi niwafuate?

Nijibu kabla hujalipa chochote.

Wako,
Saida