Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mtwara: kanuni za mashindano ya roboti ziandikwe

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

Salaam kutoka Newala.

YAH: KANUNI NA UAMUZI KATIKA MASHINDANO YA ROBOTI YA WANAFUNZI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Ningeweza kuandika kwa njia ya kawaida, kupitia kwa mkuu wa shule na halmashauri, na barua ingekufikia. Nimechagua barua ya wazi kwa sababu jambo hili si la shule yangu peke yake. Walezi wenzangu wa klabu za roboti wa Masasi, Tandahimba na Nanyumbu wanalilalamikia kwenye simu kila mashindano yanapoisha, halafu sote tunanyamaza mpaka mwakani.

Niseme mapema kwamba siandiki kwa sababu tulishindwa kwenye mashindano yaliyopita. Timu iliyobeba kombe ilistahili. Roboti yao ilifuata mstari mweusi bila kuyumba hata kwenye kona kali, na vijana wale walijua kueleza kila skrubu iko pale kwa nini. Ninachoomba ni kwamba kanuni ziandikwe, zifike shule zote siku moja, na zisibadilishwe kwa mdomo asubuhi ya mashindano.

Nianze na ukaguzi, maana ndiko siku ilikoanza kuharibika. Kanuni tulizotumiwa zilisema roboti isizidi sentimita 25 kwa urefu, upana na kimo kabla ya kuanza. Kipimo hicho si kigeni, ndicho kilichozoeleka kwenye World Robot Olympiad, mashindano ya kimataifa ya roboti ya wanafunzi. Ukumbini zilipangwa meza mbili za ukaguzi. Kwenye meza ya kwanza mwamuzi alikuwa na boksi la kadibodi lililokatwa kwa kipimo. Roboti ikiingia, imepita. Waya ukichomoza, anausukuma ndani kwa kidole na maisha yanaendelea. Kwenye meza ya pili mwamuzi alikuwa na rula, na waya kwake ulikuwa sehemu ya roboti kama gurudumu lilivyo. Fundi wa timu yetu, binti wa kidato cha pili, alipangiwa meza ya pili. Bila waya wa kihisi cha rangi, kifaa kinachoiwezesha roboti kutambua rangi, roboti yake ilikuwa ndani ya kipimo, ukihesabu waya ilizidi. Akaambiwa arekebishe. Akachomoa waya, akaupitisha chini ya mota, akaukaza kwa uzi aliounyofoa kwenye pindo la sweta lake, akapita. Raundi ya kwanza waya ule ukanaswa na gurudumu, roboti ikazunguka palepale kama inatafuta kitu ilichodondosha.

Sasa ukiniuliza nani alikuwa sahihi, nitakujibu kuwa ni yule wa meza ya pili. World Robot Olympiad wanahesabu waya ndani ya kipimo. Binti yetu hakuonewa kwa kuambiwa arekebishe. Walioonewa ni timu zote za meza ya pili, kwa kuwa za meza ya kwanza ziliruhusiwa kufanya kile wao walichokatazwa, chini ya paa moja, hatua chache tu kutoka hapo.

Jambo la pili ni muda. Karatasi ilisema kila raundi ni dakika 2. Asubuhi ikatangazwa kwa kipaza sauti kuwa ni sekunde 90, kwa kuwa timu zilikuwa nyingi na ukumbi ulitakiwa jioni. Sababu ina maana, sikatai. Lakini asiyewahi kukaa na wanafunzi wanaoandika programu anaweza kudhani sekunde 30 ni kitu kidogo. Roboti haina akili ya kusema "leo muda ni mfupi, nianze na kazi yenye pointi nyingi." Inafanya kazi kwa mpangilio ilioandikiwa. Timu iliyoweka kazi ngumu mwisho, kwa hesabu sahihi kabisa ya dakika 2, ilikatwa kabla haijaigusa. Timu za mjini zilisikia tetesi za mabadiliko hayo siku moja kabla, zikapanga upya. Sisi tulikuwa barabarani.

Kuna suala la mwanga pia, na hili nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi hulichukulia kama visingizio vya walioshindwa. Kihisi cha rangi hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Jua likiingia dirishani, nyeupe ya saa nne asubuhi haisomeki sawa na nyeupe ya saa tisa alasiri, na nyekundu inaweza kusomeka kama njano. Dawa yake ni kukirekebisha kihisi juu ya meza ileile utakayochezea, kwa mwanga wa wakati huohuo. Ni kazi ya dakika moja au mbili. Meza moja ya mchezo ilikuwa karibu na dirisha, nyingine ilikuwa ndani kwenye kivuli. Timu zilizotangulia zilipewa nafasi ya kurekebisha vihisi. Baada ya chakula cha mchana nafasi hiyo ikaondolewa kuokoa muda, wakati ambapo jua ndiyo kwanza limegeukia dirisha lile. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Lakini roboti mbili nilizoziona mimi zilibeba kibao chekundu, kilichotakiwa kupelekwa kwenye mraba wa rangi yake, hadi mahali pa njano bila kusita, na watoto wenye roboti hizo wameondoka wakiamini programu yao ni mbovu.

Umeme nao ukakatika, kama kawaida yake. Timu iliyokuwa mezani ikaruhusiwa kurudia raundi. Baadaye ukakatika tena, timu nyingine ikaambiwa "roboti yenu inatumia betri, umeme haukuhusu." Hoja ya pili ina mantiki, ya kwanza nayo ina mantiki, ila haziwezi kuwa kanuni ya siku moja. Kwenye mashindano makubwa mstari huu umechorwa wazi: hitilafu ikiwa ya uwanja au vifaa vya waandaaji, raundi inaweza kurudiwa; ikiwa ya roboti yako, pole yako.

Na pointi? Kibao kikikaa nusu ndani ya mraba, je, kimeingia? Kwa mwamuzi mmoja ndiyo, kwa mwingine hapana. FIRST LEGO League, mashindano mengine ya kimataifa ya roboti, wanatofautisha kwa maandishi kitu kilichoingia kabisa na kilichoingia kwa sehemu, na pale ambapo jambo lina utata wa kweli, timu ndiyo inayopewa faida ya shaka.

Ndugu Afisa Elimu, sitaki uone kuwa naota ya Ulaya. Haya ninayoyasema hayahitaji mashine. Kwenye mashindano ya kimataifa ya roboti ya VEX, mwamuzi mkuu akitoa onyo au kuiondoa timu, lazima aitaje namba ya kanuni iliyovunjwa. Asipoweza kuitaja, adhabu haina pa kusimama. Hiyo ni karatasi tu na mtu aliyeisoma. Kwenye FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi wa sekondari, msimu ukishaanza, mabadiliko yoyote hutolewa kwa maandishi kwa timu zote, na maswali ya timu moja hujibiwa hadharani ili nyingine nazo zisome jibu. World Robot Olympiad wana hata kanuni ya kushtukiza, ambayo hutangazwa siku yenyewe ya mashindano! Kwa hiyo mabadiliko ya asubuhi si dhambi. Ila pale, kila timu inajua tangu mwanzo kuwa kutakuwa na mshtukizo, na zote huupata kwa pamoja. Ndiyo maana mimi niko tayari kucheza kwa kanuni mbovu inayojulikana na wote kuliko kanuni nzuri iliyozaliwa saa mbili asubuhi.

Wazazi wawili walitaka mwamuzi atazame video kwenye simu zao. Katika hili nilikuwa upande wa mwamuzi aliyekataa. VEX na FIRST Robotics Competition zote hukataa video kutumika kubadili uamuzi, na wana haki: mwenye simu nzuri zaidi asipate haki zaidi. Tatizo ni kwamba alasiri hiyohiyo mwamuzi mwingine alitazama video ya timu nyingine na akabadilisha pointi.

Kuhusu waamuzi wenyewe naomba nieleweke. Wengi ni walimu wenzetu na vijana wa vyuo waliojitolea, waliosimama tangu asubuhi kwa soda na chapati. Siwalaumu. Walipewa kanuni usiku wa kuamkia mashindano na hawakukaa pamoja hata saa moja kukubaliana waya unahesabiwa au hauhesabiwi. Zaidi ya hapo, baadhi yao walikuwa wanaamua mechi za wanafunzi wao wenyewe. Nawafahamu, ni watu waadilifu, na sikuona yeyote akipendelea. Lakini mwanafunzi wa Tandahimba aliyemwona mwamuzi akitoka mezani na kwenda kula na timu moja, utamweleza nini akusadiki?

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimeshalisikia: haya ni mashindano ya watoto, lengo ni kujifunza, tusiyafanye mahakama. Basi tuulize wanajifunza nini. Mtaala ulioboreshwa unatutaka tuwape ujuzi, na mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi, umekuja na maneno hayohayo. Fundi yeyote anafanya kazi ndani ya mipaka aliyopewa: kipimo, uzito, muda, bei. Mipaka ikihama baada ya kazi kukamilika, mwanafunzi mwenye bidii ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ndiye aliyeisoma karatasi na kuijenga roboti kwa milimita. Yule aliyefika na chochote kile hana cha kupoteza. Tukiendelea hivi, mwaka ujao hakuna atakayeisoma karatasi.

Na gharama si ndogo. Nauli na chakula vilichangwa na wazazi, na kwa wengi wao hiyo ni pesa ya korosho, inayokuja msimu mmoja na kupangiwa ada, mbolea na bati. Ukimwambia mzazi mtoto ameshindwa, anaelewa. Ukimwambia muda ulipunguzwa baada ya gari kuondoka, hachangi tena.

Mbona kwenye michezo tunaweza? Mkoa wetu umewahi kuwa mwenyeji wa UMISSETA, michezo ya kitaifa ya shule za sekondari, na hakuna aliyesubiri tangazo la asubuhi kujua goli lina upana gani. Goli la uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara na goli la uwanja wa Ilulu kule Lindi yote yanapaswa kuwa mita 7.32, na mwamuzi akitoka Liwale au Mikindani anabeba sheria zilezile 17 za soka.

Najua mashindano haya hayaandaliwi na ofisi yako, na wadau wanaoyafadhili wanastahili shukrani. Bila wao wanafunzi wetu wangeziona roboti kwenye picha tu. Lakini yanafanyika kwa wanafunzi wako, kwa kibali cha halmashauri, na barua ya mwaliko hufika shuleni ikiwa imepita mikononi mwa serikali. Kibali kinaweza kuwa na masharti. Waandaaji waambiwe walete kanuni kamili angalau wiki sita kabla, na ofisi yako izipeleke kwa halmashauri zote 9 siku moja. Baada ya hapo badiliko lolote liwe kwa maandishi, lenye tarehe, na lifike Nanyumbu kama lilivyofika Shangani, Mtwara mjini. Waamuzi wakutane siku moja kabla, wakague roboti moja ya mfano kwa pamoja mpaka wote watoe jibu moja. Asiwepo mwalimu anayeamua mechi ya shule yake. Kama wajuzi ni wachache, tubadilishane na wenzetu wa Lindi. Karatasi ya pointi isainiwe na mwanafunzi mmoja wa timu kabla vibao havijaondolewa mezani, na huyohuyo mwanafunzi, si mwalimu wala mzazi, apewe dakika yake ya kumuuliza mwamuzi. Hili la mwisho nalisisitiza. Nimeona walimu wakifokeana mbele ya wanafunzi juu ya roboti ambayo hawakuijenga wao.

Walezi wa klabu tumeanza kuandika rasimu ya kanuni za kurasa nne. Kipengele cha waya kimo, cha umeme kukatika kimo, cha dirisha kimo. Tunachokosa ni mamlaka ya kuifanya itumike. Tukipewa nafasi katika kikao kijacho cha maafisa elimu sekondari wa halmashauri, tutaileta ikiwa imechapwa, nakala moja kwa kila halmashauri, na tutajilipia nauli.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia na mlezi wa klabu ya roboti,
Newala.

Nakala: Maafisa Elimu Sekondari, halmashauri zote za Mkoa wa Mtwara.