Bajeti ya mikoko iandikwe na wanaoingia matopeni

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wenzangu wa vikundi vya mazingira huku pwani, maana kila mwaka naona watu wanakosa ruzuku kwa sababu ya karatasi moja tu, ya bajeti.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kupanda mikoko mkoani Tanga. Mara ya kwanza tulipoomba hela tulimpa kazi kijana mmoja wa mjini atuandikie, akaweka vifaa milioni 6, usafiri milioni 4, mengineyo milioni 2, basi. Barua ya majibu ilikuwa fupi, wanauliza hizo milioni 2 za mengineyo ni za nini, na kusema kweli hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Iliniuma sana, kwa sababu kazi tunaijua toka utotoni.

Mara ya pili tukakaa wenyewe chini ya mwembe, kina mama wanaookota chaza, wavuvi na mzee mmoja anayejua maji kuliko sisi wote, tukaanza na tope sio na hela. Eneo ni hekta 2. Ukipanda mkoko kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, hekta moja inachukua mbegu 2,500, kwa hiyo 5,000 zote, alafu unaongeza za kuziba mapengo kwa sababu kaa wanakula na mawimbi yanang'oa. Mbegu za mkoko hazinunuliwi, zinaokotwa chini ya miti na kuchomekwa moja kwa moja kwenye tope, sa mtu anayeweka milioni za kitalu cha mkoko anajionyesha kwamba hajawahi kupanda. Mzee akatukumbusha kazi ni siku za bamvua maji yakikupwa sana, siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, hufanyi kitu, kwa hiyo hata siku za boti na chakula zikahesabika kwa bamvua.

Hapo ndo bajeti ikajiandika. Kila mstari una idadi, bei ya kimoja na jumla: lita ngapi za petroli kwa safari moja, safari ngapi, buti jozi ngapi. Petroli bei yake EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanaitangaza kila mwezi, hivo andika ni bei ya mwezi gani, na kama mfadhili anatoa dola andika pia umebadilisha kwa shilingi ngapi na tarehe gani, kwa sababu hela ikija baada ya miezi minane hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Kitu ambacho vikundi vingi wanaacha ni jasho lao. Ule mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, yaani Mfuko wa Mazingira Duniani, unataka uonyeshe na nyie mnachangia nini, na mchango sio lazima uwe pesa taslimu. Watu 25 wakifanya kazi siku 6 kwa kibarua cha 10,000 ni shilingi 1,500,000, iandikeni! Msiseme sisi maskini hatuna cha kuchangia, mnacho. Na muweke hela ya kurudi kukagua mwaka wa pili, kuhesabu iliyopona, maana kupanda bila kurudi ni kutupa mbegu baharini. Risiti nazo zifikirieni mapema, mama lishe hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, muulizeni mfadhili kabla kama atakubali vocha yenye sahihi na namba ya simu.

Mikoko ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo nauli ya kwenda ofisi ya TFS, wakala wa misitu, kufuatilia kibali nayo ni gharama halali, msione aibu kuiweka.

Ombi langu kwa halmashauri zetu za pwani, maafisa maendeleo ya jamii wanaotufundisha kujaza fomu za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri watupe na siku moja ya bajeti za ruzuku, kijijini, kwa Kiswahili, sio semina ya hotelini. Na wafadhili wapokee jedwali la Kiswahili, tarakimu ni zilezile. Sisi tuko tayari kumpa kikundi chochote nakala ya bajeti yetu, pamoja na ile ya kwanza iliyokataliwa, waziweke pamoja wazilinganishe.

Mweka hazina wa kikundi,
Tanga