Barua ya wazi kwa Waziri: Askari wasituambie tena "Lilete tulione"

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usalama wa raia,

Salamu, na pole kwa majukumu.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno mawili niliyojibiwa na askari wa zamu kwenye simu: "Lilete tulione."

Mdogo wangu alikuwa akichimba mtaro, sururu ikagonga chuma. Tulipopangua udongo tukaona kitu kimechongoka upande mmoja kama ncha ya risasi, lakini urefu wake ni kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kizito, kimeliwa na kutu. Tukahisi ni kombora la mzinga la vita vya zamani. Nikapiga simu kituoni, nikaeleza nilichokiona, nikaambiwa nilipeleke. Nikalipeleka. Nililifunga kwenye gunia, nikalipakia kwenye toroli, nikalisukuma kwenye barabara ya mashimo huku watoto wakinifuata nyuma.

Kituoni liliwekwa chini ya benchi wanaposubiri watu wenye shida zao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikaa juu ya benchi hilo karibu saa nzima. Askari mmoja aliligonga kwa funguo, akasema limeshaoza, halina kitu. Jioni ndipo alipofika mtaalamu wa kutegua mabomu. Alichungulia chini ya benchi mara moja tu, kisha akatutoa sote nje, kwa sauti ya upole ambayo ilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Baadaye, tukiwa tumesimama mbali, alinieleza alichokiona. Karibu na kitako cha kombora kuna mkanda wa shaba unaolizunguka. Mzinga unapofyatuliwa, mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huung'ata mkanda ule na kulifanya kombora lizunguke ili liende sawa angani. Mkanda wa kombora letu ulikuwa na alama za kung'atwa. Kwa hiyo lilikwisha kufyatuliwa, likaruka, likaanguka, ila halikulipuka. Fyuzi, yaani kifaa kinachoanzisha mlipuko, kwenye makombora mengi imetengenezwa isiweze kufanya kazi kabla ya kombora kufyatuliwa. Ni kishindo cha mzinga na mzunguko wa kombora vinavyofungua vizuizi vilivyomo ndani. Vya kombora letu huenda vilikwisha kufunguka tangu siku ile lilipofyatuliwa, na kilichobaki ni pigo moja tu mahali panapostahili. Mimi nililipitisha kwenye kila shimo la barabara.

Mheshimiwa, yule askari sikumwona kuwa mtu mbaya. Aliamini kile ambacho hata mimi nilikiamini, kwamba kutu ni dalili ya kufa. Chuma ndicho kinachooza. Baruti iliyo ndani haina habari na kutu ya nje. Makombora mengi ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yalijazwa kilipuzi kiitwacho asidi ya pikriki, na asidi hiyo ikigusana na metali kwa muda mrefu inaweza kuzaa chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo kuliko asidi yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji walipaka vanishi ndani ya makombora hayo, ili asidi isiguse chuma. Vanishi nayo huchakaa. Kombora la namna hiyo linaweza kuwa la hatari zaidi leo kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Mwaka 2008 katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji mzoefu wa vitu vya kale aliuawa nyumbani kwake na kombora alilokuwa akilisafisha. Lilikuwa la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, na kipande chake kiliruka karibu nusu kilomita kikatoboa kibaraza cha nyumba nyingine. Machi 2014, kwenye eneo la ujenzi huko Ypres, Ubelgiji, silaha iliyozikwa tangu vita vya 1914 hadi 1918 iliua wafanyakazi wawili. Miaka 100, na bado inaua.

Watu wananiuliza sasa, baada ya kusikia yaliyonipata: ukipiga picha, mtaalamu hawezi kukwambia kama ni salama? Anaweza kukwambia ni kitu gani. Umbo, mkanda, mahali fyuzi ilipo, vyote vinamsaidia. Lakini kulitambua kombora si kulithibitisha kuwa salama, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Rangi iliyoeleza kilichomo imekwisha kubanduka. Pengine fyuzi imefichwa kitakoni, na wewe unatazama ncha butu ukidhani haipo. Makombora mengine yalijazwa gesi ya sumu, mengine fosforasi nyeupe inayowaka yenyewe ikipata hewa. Hata la mazoezi linaweza kuwa na baruti kidogo ya kutoa moshi. Ndani huonekana kwa eksirei, na aliyeishika mashine hiyo ni mtaalamu, si mimi, wala si askari wa zamu mwenye funguo.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Toa amri iandikwe na kubandikwa kando ya simu ya kila kituo: raia akisema ameona kitu kinachofanana na bomu, asiambiwe kukileta. Aambiwe asikiguse, asikisafishe, asikimwagie maji, asiweke kitu chochote kando yake ili kupima urefu. Arudi kwa njia ileile aliyojia, aweke alama akiwa mbali, awazuie watoto, kisha aeleze mahali pa kupafikia. Huko Ubelgiji wakulima bado wanaokota makombora kila msimu wa kulima, na jeshi ndilo linaloyafuata mashambani. Hakuna anayetakiwa kuyapeleka kituoni kwa toroli.

La pili ni zito zaidi, na nasema kwa sababu limenigusa. Baada ya kombora kuondolewa nilihojiwa kwa saa tatu kama mtuhumiwa: nimelipata wapi, nilitaka kumuuzia nani, kwa nini nilikaa nalo. Naelewa lazima waulize. Lakini jirani zangu waliona jinsi nilivyoingizwa ndani, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba yeye akilikuta lake atalitupa mtoni usiku. Mwingine atalipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na huko linasubiriwa na nyundo na msumeno. Tunaomba tamko lako, kwa maandishi, kwamba anayetoa taarifa kwa hiari hatashtakiwa kwa kulikuta. Na wanunuzi wa chuma chakavu wapate tamko hilohilo, wao wanaona vyuma vingi kuliko sisi sote.

Mtaro wetu bado haujamalizika. Mdogo wangu hataki kurudi pale mpaka eneo lote lipimwe, kwa kuwa mtaalamu alituambia panapopatikana moja mara nyingi huwa na mengine. Tumeweka vijiti na kamba kuzunguka, na zamu za kuwafukuza watoto tunapokezana wenyewe. Ombi la kupimiwa eneo tumeliwasilisha kwa barua, na hadi leo hatujajibiwa.

Wako katika kulitumikia taifa,
Raia aliyelisukuma kwa toroli